Meza ya Wazee
(Maneno ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniamuru nieleze kifungu kimoja cha makisio ya mwaka ujao, ambacho baadhi ya wanachama wametaka kifutwe. Nacho ni kile cha chakula cha mchana cha wazee waliostaafu. Mimi ni karani tu, na katika wazee hawa wamo walionifundisha kusoma. Basi nikisema neno lililozidi kimo changu, naomba nisamehewe kama mtoto asamehewavyo na baba zake.

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi wazee wetu hukutana hotelini saa saba mchana: mwezi mmoja Migori mjini, mwezi wa pili Homa Bay karibu na ziwa, na mwezi wa tatu Rongo, mahali ambapo njia ya Homa Bay huachana na barabara kuu iendayo Kisii, ili nauli isiwalemee watu wa upande mmoja. Wamo waliokuwa walimu, makarani wa mahakama na wauguzi, na waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Awendo tangu kilipoanza kusaga miwa mwaka 1979. Wamo pia wavuvi na mafundi cherehani, ambao hawakuajiriwa na mtu, nao siku yao ya kustaafu ilitangazwa na magoti yao.

Hula ugali na samaki, huzungumza, na kabla ya saa kumi kila mtu amekwisha panda matatu kurudi kwake. Sehemu kubwa ya mazungumzo, nakiri, ni samaki mwenyewe. Wazee waliokulia ufukweni husema kwamba ngege aliyemo sahanini siku hizi si yule wa utoto wao, nao wana haki. Ngege wa asili amekuwa adimu sana ziwani tangu mbuta na aina nyingine za ngege kutoka nje walipotiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na siku hizi samaki wengine hufugwa katika vizimba. Mzee mmoja humgeuza samaki mara mbili, akamtazama mkia kama hakimu amtazamavyo shahidi, kisha humla wote.

Wanaotaka kifungu hiki kifutwe wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba chama kiliundwa ili tusaidiane katika shida, wala si kulishana hotelini. Ya pili, kwamba mtu aliyestaafu ana pensheni, naye aweza kujilipia. Hoja hii ya pili niliiamini hata mimi mpaka mwaka juzi.

Hapo mwanzo wazee walilipiana kwa zamu, mmoja akilipa kwa ajili ya wote, na mwezi ujao mwingine. Desturi hiyo ilionekana njema na ya kiungwana. Alikuwako mzee mmoja mcheshi sana, ambaye jina lake sitalitaja; akaacha kuja. Tulipompigia simu alisema ana homa. Mwezi wa pili alisema ana mazishi. Mwezi wa tatu tukaacha kuuliza. Baadaye nilitumwa nyumbani kwake kupeleka barua ya chama, nikamkuta mzima, ameketi chini ya mwembe. Alinikaribisha, tukanywa uji, na nilipoinuka kuondoka akaniambia bila kunitazama, “Mwanangu, zamu yangu ilikuwa imefika.” Hakusema zaidi.

Mtumishi wa Serikali, ambaye tangu mwaka 2009 hustaafu akiwa na miaka 60, ana pensheni yake. Mzee huyu alikuwa mvuvi. Fedha aliyokuwa nayo ni zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo Serikali ilianza kuwapa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, na kwa fedha hizo mtu hawezi kuwanunulia wenzake wanane samaki, halafu akala mwezi mzima. Alikuwa amekula zamu za wote wanane, akaona haya. Niliporudi nilifungua daftari, nikawatafuta wengine walioacha kuja kwa homa na mazishi ya namna ile ile. Walikuwa wanne. Mimi ndiye niliyewaandika “wagonjwa”.

Wazee wangu mnaikumbuka duol kuliko mimi. Ilikuwa nyumba ndogo karibu na zizi la ng'ombe, ambamo mwenye boma na wanaume wenzake waliota moto, wakashauriana, wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba mbalimbali. Mtu ambaye kwake hakukupikwa kitu siku hiyo alikula kilichopikwa kwingine, wala hakuna aliyeuliza. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliziandika mila na desturi za Waluo katika kitabu kilichotoka mwaka 1938, na kijana atakaye kujua mambo hayo anaweza kukisoma; lakini maboma yenye duol leo ni machache, na watoto wako Nairobi. Hoteli ndiyo duol tuliyobaki nayo, ila ina kasoro moja: mwishoni huletwa hesabu. (Ina na faida moja. Mama zetu hawakuketi katika duol. Katika meza hii wamo, na ndio wanaofika mapema.)

Baada ya habari ya yule mzee tulijaribu kila mtu ajilipie chake. Haikufaa. Mwenye pensheni aliagiza ngege mzima, na jirani yake akaagiza sukumawiki, akisema daktari amemkataza samaki. Hakuna daktari aliyemkataza. Kwa hiyo tangu mwaka jana chakula ni cha namna moja kwa wote, nacho huagizwa mapema. Mkebe wenye tundu huwekwa pale watu wanaponawia mikono. Kila mtu hutia alicho nacho, au hatii kitu, wala hakuna amtazamaye. Mimi huufungua watu wakishaondoka, na kilichopungua hulipwa na chama. Hicho ndicho kifungu kilicho mbele yenu. Miezi mingine hakipungui kitu. Mwezi mmoja mkebe ulizidi, nami sijui ni kwa mkono wa nani.

Ama kuhusu hoja ya kwanza, ya shida. Katika daftari langu fedha za mazishi, yaani gari, jeneza, turubai, na chakula cha waombolezaji, huchukua kurasa nyingi, wala sijapata kuona mkono ulioinuliwa kuuliza kwa nini. Chakula cha wazee hakijazi ukurasa mmoja. Yule mzee wa chini ya mwembe, lau angalifariki katika miezi ile aliyokuwa akituona haya, tungalimchangia siku ile ile, tungalimchinjia ng'ombe, na kila mmoja wetu angalisimama kueleza jinsi alivyokuwa mcheshi mezani.

Amerudi. Mwezi uliopita alikuwa Rongo, akabishana na mwalimu wangu wa zamani juu ya mkia wa samaki mpaka chai ikapoa.

Bwana Mwenyekiti, kifungu chenyewe ni cha saba katika ukurasa wa makisio. Naomba kisomwe, na wanachama wapige kura.