Mpini Unapopimwa kwa Kilo

Jambia la Kiyemeni halithaminiwi kwa bapa lake. Bapa ni chuma tu; likichakaa, fundi wa Sana'a atatia jingine na jambia litaendelea kuitwa la babu. Thamani iko kwenye mpini. Mpini wa pembe ya kifaru ukishikwashikwa na vizazi vitatu vinne, hubadilika ukawa na rangi ya asali, na ukiuelekeza juani mwanga hupenya. Wayemeni huuita sayfani, na mwenye nao hahitaji kujitambulisha barazani.

Pembe hiyo ilitoka kwetu, Afrika Mashariki. Karibu miaka 2000 iliyopita, mwandishi wa Kigiriki aliyeeleza biashara ya pwani hii aliitaja miongoni mwa bidhaa za Rhapta, soko la kale la pwani hii. Lakini pigo kubwa lilikuja miaka ya 1970. Vijana wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na fedha za mafuta, na kila mmoja akataka mpini uliokuwa wa masheikh na makadhi. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wasiofika 400. Si majambia peke yake yaliyowamaliza, maana dawa za Asia nazo zilikula sehemu yake. Hata chenga zilizodondoka mafundi wa Sana'a wakichonga zilikusanywa zikauzwa China.

Sasa gurudumu limegeuka. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na mafundi wengi wakahamia pembe za nyati-maji. Kisha, kuanzia mwaka 2008 hivi, matajiri wa Vietnam wakazuka na imani kwamba pembe ya kifaru inatibu saratani. Haitibu. Ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zako. Ila soko halisikilizi maabara, na mpini wa kale ukajikuta na bei mbili: bei ya kazi ya fundi, na bei ya uzito wake. Ya pili ikiizidi ya kwanza, msumeno hauko mbali.

Nani atafanya ushenzi huo? Mwaka 2011 wezi waliingia makumbusho ya Ipswich, Uingereza, wakang'oa pembe ya kifaru aliyekaushwa na kuwekwa hapo tangu zama za babu zao. Makumbusho mengine ya Ulaya yakaanza kuficha pembe halisi na kuweka za bandia. Marekani nayo, tangu 2012, imewashtaki wafanyabiashara waliokusanya pembe za mapambo na vikombe vya kale vilivyochongwa, wakavisafirisha Asia kwa nyaraka za uongo.

Ndiyo maana serikali zimebana hata biashara ya vitu vya kale, na mimi naziunga mkono. Ukiacha mlango wazi kwa pembe ya mwaka 1890, pembe ya juzi itapita humohumo. Lakini sheria hizo zina gharama isiyosemwa. Mrithi wa hanjari ya Oman au upanga wa Kihabeshi, akiogopa kesi, atashawishika kuung'oa mpini na kutia mti. Mwenye tamaa ataung'oa vilevile, ila yeye atauuza gizani. Kwa vyovyote silaha imekufa.

Kubana mauzo peke yake hakutoshi, basi. Mwenye urithi apewe njia ya kuuandikisha bila kutendewa kama jangili. Njia ipo: Chuo Kikuu cha Pretoria kina hazina ya vinasaba vya vifaru ambayo tayari inatumika mahakamani, na vumbi kidogo tu la mpini linatosha kupimwa. Faida ya upimaji huo inavuka ulinzi wa silaha: kwenye mipini hiyo huenda zimo damu za koo za vifaru zilizokwisha kabisa porini, ambazo haziwezi tena kusomwa kwa vifaru walio hai. Makumbusho yenye majambia na hanjari, kuanzia Zanzibar hadi Muscat, yanaweza kuanza mwaka huu: picha, uzito, chembe ya vumbi, na jina la aliyeivaa silaha.