Namba yako ya zamani iko mukononi mwa nani?



Leo hatukuita watu juu ya barabara wala juu ya maji. Tumekuja kuongea juu ya kitu kidogo: ile namba ya simu yenye mulitia siku mulifungua imeli yenu. Wengine watacheka. Lakini sisi wenye tulimaliza univerisite na tuko nyumbani bila kazi, tunajua vizuri kama imeli njo ofisi yetu, hatuna ingine. Diplome yenye tulipiga picha iko ndani, CV iko ndani, barua zote za kuomba kazi ziko ndani. Na siku watatuita kwa mtihani, wataandika kwa hiyo imeli. Hakuna mutu atakayezunguka Ndosho nyumba kwa nyumba akikutafuta.

Sasa tuulizane ukweli: namba iko kwa hiyo imeli ni ya nani? Kati yetu wenyewe tulisikia majibu ya kila aina. Mumoja ni namba ya kijana wa sibere mwenye alimufungulia imeli wakati wa kuomba kuingia univerisite. Mwingine ni ya kaka yake mukubwa, na kaka alishahamia Kampala. Wengine, na njo wengi, ni puce yenye ilikufa zamani na hakuna mwenye anakumbuka ilipotelea wapi.

Tuelewe kitu kimoja. Namba ya simu si mali yako kama vile shati lako. Ni ya kampuni, na wewe wanakuazima tu. Puce ikikaa muda murefu bila kutumika, wanaifunga, na kisha namba ileile inaweza kurudi sokoni. Mutu anainunua kwa parasoli, anaitia mu simu yake, na ujumbe wako unaanza kuingia kwake. Mutu huyo anaweza kuwa mwema, atafuta tu. Lakini akiwa mwenye nia mbaya? Muangalie ile CV yenye tunagawa kila pahali: juu kabisa kuna jina, namba na imeli, vyote kwa karatasi moja. Mwenye kushika namba yako ya zamani na ile karatasi, anaandika imeli yako, anasema amesahau neno la siri, na kode inaweza kuja kwake. Wewe uko unalala.

Lakini mara mingi hata mwizi hayuko. Ni wewe mwenyewe unabaki inje ya mlango wako. Mukumbuke 2021: Nyiragongo ilitapika tarehe 22 Mei, na tarehe 27 tukaambiwa tutoke mu mji. Watu walikimbilia Sake, Gisenyi, Bukavu, simu zingine zikabaki ao zikapotea njiani. Mutu katika hali hiyo anaazima simu ya binamu yake, anaandika imeli yake na neno la siri la kweli kabisa. Google inaona simu mupya, mji mupya, inasita. Inasema: tumetuma kode kwa namba yenye inaishia kwa tarakimu hizi mbili. Na namba yenyewe iko mu puce yenye ilipotea. Hapo utaeleza nani? Google haina dirisha hapa mjini pa kwenda kupiga magoti.

Utasema: nitaenda kwa ajensi wanirudishie namba. Sawa, kama puce iliandikishwa kwa jina lako. Lakini nyingi tulinunua barabarani zikiwa zimekwisha kuandikishwa kwa jina la mutu hatumujui. Ukitoa kadi yako ya muchaguzi, majina hayafanane, na mazungumzo yanaishia pale.

Kwa hiyo namba inabadilishwa wakati ungali ndani. Ukishafungiwa inje, imekuwa kazi ingine kabisa. Fungua Gmail, gusa ile picha yako juu kuume, ingia kwa « Gérer votre compte Google », kisha « Sécurité ». Tafuta namba ya récupération. Itakuomba neno la siri, utalitia. Toa ya zamani, andika mupya na +243 mbele, ungoje kode kwa SMS. Ni dakika tano, kama mega ziko. Lakini usifunge haraka! Kama ulishawasha « validation en deux étapes », namba ya zamani iko na pale pia, na kuibadilisha pahali pamoja hakuibadilishe pahali pengine. Watu wengi wanaanguka hapo. Weka tena imeli ya pili ya musaada, ya mutu mwenye unaamini kama dada yako, si ya kijana wa sibere.

Na ile puce ya zamani, usiitupe siku hiyohiyo. Kwa siku 7 kisha kubadilisha, Google inaweza bado kutuma kode kwa namba ya zamani. Wamefanya hivyo ili mutu akikubadilishia namba bila wewe kujua, upate nafasi ya kurudi. Siku hizo ni zako, lakini ni za mwenye kushika ile puce pia.

Kitu kingine, hapa inchini kwetu hatuwezi kutegemea SMS peke yake. SMS zilikatwa Desemba 2011 kisha uchaguzi, zikakatwa tena Januari 2015. Na tangu 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa karibu siku 20, SMS nazo zikaguswa. Wenye walikuwa karibu na mpaka walitafuta mtandao kwa puce ya Rwanda, lakini kode haifuate puce ya Rwanda, inaenda kwa namba ya Kongo yenye uliandika. Kama uliwasha validation en deux étapes, omba zile kode za akiba: ni 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandike kwa karatasi. Karatasi iwekwe pamoja na diplome, si mu simu, sababu simu njo yenye inaibwa.

Mutu akikupigia simu akisema yeye ni wa Google, nipe ile kode imeingia sasa hivi, kata. Na wale wanaosema watakufungulia imeli kwa dola kumi, hawana ufunguo wowote wenye wewe hauna. Kama ulishafungiwa, jaribu g.co/recover kwa simu na pahali penye ulizoea kutumia, ujibu maswali yote yenye unaweza.

Jumamosi saa nane tutakaa na wenye wanataka kufanya hii kazi pamoja. Tutaleta mega na betri ya kuchajia. Mulete puce ya zamani kama ingali inawaka, puce mupya, kalamu na karatasi. Neno la siri kila mutu ataandika mwenyewe. Sisi tutageuza macho.