Mgonjwa Akisharuhusiwa: Uuguzi wa Afya ya Akili kwa Watoto na Watu Wazima, Tengeru

Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada iguse uuguzi wa afya ya akili kwa rika zote. Fasili zinajulikana kwa kila muuguzi aliyeko ukumbini: sonona, skizofrenia, usonji, ulemavu wa akili, na kifafa, ambacho hapa nchini hutibiwa kwenye kliniki hizo hizo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo ipo. Mada haitakawia hapo. Swali lake ni moja: mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani, nani anamfuatilia?

Huduma ilikotoka

Lutindi, Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikaanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Baadaye ikaja hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kwa familia ya hapa Arumeru, kufika Mirembe ni safari ya zaidi ya kilomita 400.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Tanzania ilijaribu katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro kuisogeza huduma hadi vituo vya afya na zahanati. Wazo lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi.

Dawa inapokatika

Mgonjwa hutoka wodini ametulia, mkononi ana vidonge vya wiki chache. Vikiisha, zahanati ya kijijini haina, na duka la dawa linataka fedha ambazo nyumbani hazipo.

Kwa mtoto mwenye kifafa, pengo hilo ni hatari. Fenobabito ikikatwa ghafla, degedege laweza kurudi mfululizo, na likizidi dakika 5 ni dharura. Mtoto huangukia mafiga akaungua. Mzazi kwa hofu humwachisha shule, ilhali Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kiko hapa hapa Tengeru.

Kwa mtu mzima, tegemeo mara nyingi ni sindano ya mwezi, flufenazini. Dawa hiyo imo ndani ya mafuta ya ufuta. Ni nzito, huvutwa polepole kwa bomba kavu na kuchomwa ndani kabisa ya msuli wa tako. Siku chache baadaye mikono yaweza kutetemeka, mate yakamtoka, shingo ikakaza. Muuguzi asipoyaulizia hayo, mwezi ujao mgonjwa haonekani. Ndugu husema amekataa dawa, kumbe amekimbia mateso ambayo kidonge cha benzheksoli kingeyapunguza.

Anayejua kuuliza ni muuguzi aliyesomea fani hii, naye ndiye anayehamishiwa wodi nyingine. Uhaba wa watumishi ni wa kweli, na wodi ya wazazi nayo inahitaji mikono. Mada hailaumu ofisi yoyote. Hata hivyo, inauma kuona daftari la kliniki likibaki mezani wakati aliyejua nani nyumbani anatunza vidonge ameshaondoka. Mgonjwa aliyepotea hivyo hurudi amefungwa kamba, amezungukwa na ndugu waliochoka.

Mapendekezo

1. Muuguzi wa afya ya akili asihamishwe kabla ya kumkabidhi mwenzake wagonjwa, mmoja mmoja.
2. Zahanati ziingize fenobabito na flufenazini katika maombi ya kila mara kwa Bohari ya Dawa, bila kungoja ziishe.
3. Kila anayeruhusiwa aondoke na barua inayotaja dawa, kipimo na tarehe ya kurudi.
4. Madhara ya dawa yaulizwe kila mahudhurio na yaandikwe.
5. Kliniki ifanyike Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, ndugu wanapoteremka na ndizi kutoka miteremko ya Meru.
6. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe orodha ya waliokosa sindano, wawafuate nyumbani ndani ya wiki.
7. Walimu wafundishwe huduma ya kwanza ya degedege: kumlaza mtoto ubavu, kutomtia kitu mdomoni, kuangalia saa.
8. Wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa wasianzishiwe valproeti, dawa nyingine ya kifafa, bila ushauri wa daktari.
9. Pendekezo la kwanza liwasilishwe kwa maandishi kwa mganga mkuu wa wilaya na muuguzi mkuu, na utekelezaji wake upitiwe katika kila kikao cha robo mwaka.