Narmada: Mama Mwenye Kingo Mbili

Hotuba iliyosomwa katika sherehe za kuadhimisha kuanzishwa kwa hekalu letu



Nimeombwa nizungumze juu ya mito mitakatifu. Wengi wakisikia maneno hayo huifikiria Ganga peke yake. Lakini katika sala zetu mito hutajwa saba: Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri. Leo nimechagua Narmada, kwa kuwa ndio mto mkubwa kuliko yote ya Gujarat, nchi ya mababu wa wengi wetu tulioketi hapa.

Narmada huanzia Amarkantak, katika jimbo la Madhya Pradesh, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Husafiri kilomita 1,312 hadi Ghuba ya Khambhat, karibu na mji wa Bharuch. Mito mingi mikubwa ya India ya kati na ya kusini huelekea mashariki. Huu huelekea magharibi, kati ya milima ya Vindhya na Satpura. Wanajiolojia hueleza kwamba umefuata bonde la ufa, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa upesi. Wazee wana maelezo yao: Narmada alichumbiwa na Son, mto unaoanzia jirani naye. Alipogundua kwamba mchumba amempenda mwingine, alimpa kisogo, akashika njia ya magharibi, asiolewe kamwe.

Kwa imani yetu yeye ni binti wa Shiva. Mawe yaliyolainishwa na maji yake huabudiwa kuwa alama ya Shiva bila kuhitaji kuchongwa na mkono wa mtu. Husemwa pia kwamba Ganga humtakasa anayeoga ndani yake, bali Narmada humtakasa hata anayemtazama tu.

Heshima kuu apewayo Narmada ni parikrama, yaani kumzunguka kwa miguu. Msafiri hufuata ukingo mmoja hadi mwisho, kisha hurudi kwa ukingo wa pili, mto ukiwa daima upande wake wa kulia. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 2,600, na kwa desturi ya kale huchukua miaka 3, miezi 3 na siku 13. Sharti lake kubwa ni kutouvuka mto popote njiani. Kule mwishoni hupanda mashua na kupita baharini, ambako mto umekwisha kuwa bahari. Msafiri huyo hachukui mali nyingi. Hula alichopewa na wanakijiji, wengi wao wakiwa maskini kuliko yeye. Salamu yao ni moja: Narmade Har.

Bharuch ni jina linalotuhusu sisi wa pwani hii. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus, huutaja mji huo kwa jina la Barygaza, na katika kurasa hizohizo hutaja Rhapta, bandari ya Afrika Mashariki. Hadi leo, si mbali na Narmada, katika kijiji cha Ratanpur, wapo Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, wanaolitunza kaburi la mtakatifu wao Bava Gor. Bahari ilileta watu pande zote mbili.

Sasa niseme lililo zito. Mwaka 1961 Waziri Mkuu Nehru aliweka jiwe la msingi la bwawa la Sardar Sarovar. Lilizinduliwa rasmi mwaka 2017, likiwa na kimo cha mita 138.68. Mfereji wake mkuu una urefu wa kilomita 458 ndani ya Gujarat, na matawi na mabomba yake yamefikisha maji Saurashtra na Kutch. Nchi hizo zilizojua ukame ndizo zilizowatoa wengi wa mababu zetu. Ndugu zetu waliobaki huko wanakunywa maji hayo, nasi tunayashukuru.

Lakini mfanyabiashara yeyote anajua kwamba daftari lina kurasa mbili. Vijiji zaidi ya 200 katika majimbo ya Madhya Pradesh, Maharashtra na Gujarat viliguswa na maji ya bwawa. Wengi waliohamishwa walikuwa Waadivasi, wenyeji wa asili wa mabonde hayo, watu walewale waliokuwa wakiwalisha mahujaji. Hata hekalu la kale la Shulpaneshwar lilizama. Malalamiko juu ya fidia na ardhi yalidumu miaka mingi, hata baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya mwaka 2000.

Sikuja kuhukumu bwawa. Nasema tu kwamba parikrama inatufundisha kutoishia ukingo mmoja. Hawezi kumheshimu mama huyu anayeimba sifa zake kwenye ukingo ulionufaika, asiukanyage ukingo uliopoteza.

Basi tunapowasimulia watoto wetu kwamba Kutch sasa ina maji, tuwaambie pia yametoka wapi, na ni nani aliyehama ili yafike. Shukrani isiyomjua aliyetoa ni nusu ya shukrani.

Narmade Har.