Safari Yetu ya Mandara, na Jina Lililokosekana Daftarini

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Moshi)



Mmeniamuru nisimame mbele yenu nitoe habari za safari yetu ya mlimani, nami nimetii, ingawa wako wenzangu hapa ambao wangaliweza kuisimulia kwa utamu kunizidi. Mwishoni ninalo ombi moja. Si ombi la kunisifu, walakini halitaeleweka pasipo kueleza kwanza mwendo wenyewe.

Sisi wakaaji wa Moshi huuona mlima kila asubuhi mawingu yanapotupa ruhusa. Lakini tulipojiandikisha watu kumi na mmoja kwa safari hii, ilionekana kwamba ni mmoja wetu tu aliyepata kupita lango la Marangu. Wageni huvuka bahari waje waupande, na sisi tunaolala mlangoni hatujaingia ndani! Aibu hiyo ndiyo iliyotutoa. Tulichanga fedha miezi mitano, tukaafikiana kwamba hatuendi kileleni. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na safari yake yataka siku tano au sita na fedha zisizo za karani. Sisi tutafika kibanda cha kwanza, Mandara, tulale usiku mmoja na kurudi. Mimi nikachaguliwa kuwa mwandishi na mtunza fedha, kwa sababu, walisema, mwandiko wangu ni mzuri.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi gari lilitutoa mjini. Tulipofika Himo tukapinda kushoto, tukaanza kupanda katikati ya vihamba, migomba juu na kahawa chini ya kivuli chake, na mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee ikipita kando ya njia. Langoni, kama mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, mizigo ilipimwa kwa mizani, maana kanuni ya hifadhi haimruhusu mpagazi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima wa Marangu mwenye leseni, nasi tukamwita Mzee. Wapagazi walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa ameamka na homa, na mahali pake akatwaliwa kijana aliyekuwa akingoja kazi pale pale.

Hapo nikafungua daftari. Nikaandika wanachama wote kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina kamili, cheo chake, na fedha alizotoa. Chini yake nikaandika, "Kiongozi, 1. Wapagazi, 4." Nikapiga mistari miwili ya wino mwekundu, nikafunga hesabu, na moyo wangu ukaridhika.

Mwendo wa kwenda Mandara ni kama kilomita nane, wote msituni. Mzee alituonya twende polepole. Tulimsikiliza kwa nusu saa, kisha watu wa mezani wakaanza kushindana. Alitusimamisha mara kwa mara kutuonyesha mambo: mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka juu ya matawi, miti yenye ndevu za kijani kibichi, na ua dogo jekundu lenye manjano ambalo halioti mahali pengine po pote duniani ila mlima huu. Akatufahamisha kwamba msitu huu ndio unaokinga mvua na ukungu na kuyatoa maji taratibu. Maji hayo hujaza mifereji ya vihamba na chemchemi za mitelemko, kisha hushuka katika mto Pangani, na kwa njia yake huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale. Nikafikiri moyoni kwamba taa ya ofisini na maji ya kunywa, vyote viwili vina deni kwa miti hii.

Saa saba mvua ikatukuta. Tulifika Mandara yapata saa tisa, tumelowa. Ni vibanda vya mbao vyenye paa za mgongo mkali, katika uwanda mdogo ulio mita 2,720 hivi. Sisi tuliozoea joto la mjini tulitetemeka, kwa maana kila upandapo mita 1,000 hewa hupungua joto nyuzi sita hivi. Mvua ilipokatika, wenzetu watatu wakaenda na Mzee kuitazama shimo la Maundi, volkano ndogo iliyozimika, ambayo ukingoni pake, kukiwa kweupe, mtu huona hata nchi ya Kenya.

Saa kumi na moja jioni tulitaka mablanketi, tukaona mzigo wake haupo. Tukahesabu wapagazi: watatu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, na giza lilikuwa karibu. Tukatoka barazani tumwite. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopatwa na jambo nisilolisahau. Tulifungua vinywa, na hakuna aliyekuwa na neno la kuita. Mmoja akapiga kelele, "Ewe!" Mwingine, "Mpagazi!" Msitu haukujibu. Wakanigeukia mimi, mwenye daftari. Nikalifungua chini ya taa, nikasoma: "Wapagazi, 4."

Tukawauliza wenzake jikoni. Wakasema, "Ni kijana wa Mamba, tumeonana leo asubuhi tu." Aliyemjua ni Mzee, na Mzee alikuwa Maundi. Wawili katika hao watatu hawakungoja zaidi. Walitwaa taa wakashuka, nami nikawafuata, nikisukumwa na haya kuliko ushujaa.

Tulimkuta baada ya muda wa saa moja, ameketi juu ya mzizi kando ya kijito. Alikuwa ameteleza, na goti lake limevimba mfano wa nazi. Koti lake la mvua alikuwa ameufunika mzigo, na yeye mwenyewe alikuwa akitiririka maji. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mablanketi hayajalowa, bwana." Nikamwuliza jina lake. Akanitajia, pamoja na jina la baba yake.

Wale wawili wakamshika huku na huku. Mzigo ukanibakia mimi. Nilijaribu kuubeba kichwani, sikupiga hatua mia. Nikautia mgongoni, nikapumzika mara tisa kabla ya kuiona taa ya kibanda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiku ule niliufahamu usufi wenyewe una uzito gani.

Tulipokwisha kula, Mzee, aliyekuwa amerudi na kumfunga kijana goti, alituzungumzia juu ya majina. Kibanda tulicholala, alisema, zamani za Wajerumani kiliitwa kwa jina la Bismarck. Leo chaitwa Mandara, jina la pili la Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891. Kibanda cha pili kilichukua jina la Carl Peters, mtu ambaye ukatili wake katika nchi hii ulimfanya afukuzwe kazini na serikali yake mwenyewe mwaka 1897. Leo chaitwa Horombo, kwa jina la Mangi wa Keni. Na kilele kilichoitwa kwa jina la Kaisari wa Wajerumani kilipewa jina la Uhuru, baada ya nchi kujitawala mwaka 1961.

Nililala nikiyatafakari hayo. Majina ya wakubwa huandikwa, hufutwa, na mengine huandikwa mahali pake; lakini jina la mchukuzi mara nyingi halifutwi, kwa kuwa halikuandikwa kamwe. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na dunia yote yawajua. Mtu wa Pangani aliyeitwa Mwinyi Amani, aliyelinda kambi yao ya juu peke yake katika baridi ile, ni wangapi humu waliopata kumsikia? Tena katika maadhimisho ya miaka mia, mwaka 1989, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu aliheshimiwa kuwa mmoja wa walioongoza safari ile. Alifariki mwaka 1996, na hata leo wako wanaoishuku habari yake. Ubishi huo ungalikuwa mfupi sana kama majina yote yangaliandikwa kwa utimilifu siku ile.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi, tukashuka, na kijana tukamsaidia kwa zamu mpaka langoni, kisha kwa gari mpaka kwa mganga. Ameambiwa asibebe mzigo kwa majuma sita. Nikamlipa ujira wake wa siku mbili kama tulivyoafikiana. Nilipotaka kuongeza, baadhi yetu walipinga, nao si watu wabaya. Walisema mkataba umetimizwa, fedha ni za wanachama, na kijana si mtu wetu. Kama mtunza fedha sikuwa na la kujibu, maana fungu hilo halikuwamo katika makadirio.

Leo nina la kujibu. Karani akivunjika mguu kazini hupewa likizo ya ugonjwa, na mshahara wake hutembea ingawa yeye hatembei. Kijana yule asipobeba, hali. Tena sisi tuliunda chama hiki kwa sababu gani? Ni kwa sababu hatukutaka kuwa tarakimu tu katika daftari la mtu mwingine. Nami, mwanachama wenu, nilipopewa daftari kwa siku mbili tu, jambo la kwanza nililofanya ni kumfanya mwenzangu tarakimu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uafiki mambo mawili. La kwanza, tumlipe kijana yule ujira wa majuma sita. Na ikiwa mfuko hautoshi, mchango uanze kwangu. La pili, katika kila safari ya chama, kila aendaye nasi aandikwe jina lake kamili kabla mguu haujainuka.

Maneno haya yakichapwa, jina lake msilitie, kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kulitangaza. Lakini ile mistari miwili ya wino mwekundu nimeikata. Ukurasa wa safari sasa una majina kumi na sita, naye yumo. Nimelileta daftari, liko hapa mezani. Atakaye na aje alisome.