Dadangu, Ukiwa na Hedhi Usishinde na Njaa



 

Ndugu zangu wapenzi, mada niliyopewa ni chakula na dawa wakati wa hedhi. Najua wako watakaoinamisha vichwa. Lakini hedhi imetajwa ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 222, na wanawake wa Kiansari walikuwa wakimwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza mambo haya waziwazi. Sisi tuone haya kwa lipi?

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, kumi la kwanza la Ramadhan, hedhi ikaniingia usiku. Nyumbani nina kaka wanne na msichana ni mimi peke yangu. Nikajiambia, nitakula vipi na hawa wananitazama? Daku nikajifanya nimelala. Asubuhi tumbo likanikata, nikameza vidonge viwili vya ibuprofeni kwa funda moja la maji, huyo nikaenda shule. Saa sita maumivu yakarudi, nikaongeza viwili. Kufika alasiri natapika, chembe cha moyo kinawaka moto, wenzangu wamenishika mikono kunirudisha nyumbani. Mamangu akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia sijala tangu futari ya jana. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Kwani wewe mwanangu, umemfungia nani?"

Sikuwa na jibu. Madrasa nilikuwa nimesoma, na nimefaulu, kwamba mwenye hedhi kufunga ni haramu na saumu yake haisihi. Atazilipa siku zake baadaye, na sala halipi. Njaa yangu ya siku ile haikuwa saumu, ilikuwa njaa tu. Na wallahi sikuwa peke yangu. Hata huku chuo kikuu nawaona wenzangu wanashinda hivyo hivyo, na mfuko wa vidonge ndani ya mkoba.

Sasa tuelewe kwa nini nilitapika. Katika hedhi mji wa mimba hujikaza ili kutoa utando wake wa ndani, na kinachoukaza ni kemikali ziitwazo prostaglandini. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki hupunguza kemikali hizo, ndiyo sababu maumivu hutulia. Lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake. Ukimeza dawa hizi tumbo likiwa tupu, umeondoa ngao na hujaweka kitu mahali pake. Kwa hiyo kula kwanza. Si lazima iwe karamu: bakuli la uji, mkate na yai, au muhogo uliobaki jana. Kisha meza dawa kwa gilasi nzima ya maji.

Ibuprofeni ya kununua bila cheti cha daktari, kwa mtu mzima, isizidi miligramu 1200 kwa siku, yaani vidonge sita vya miligramu 200, kwa kuvigawa. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki wala aspirini ukidhani unaongeza nguvu. Hizo ni ndugu wa tumbo moja na madhara yao yanajumlishwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu asizitumie kabla ya kumuuliza daktari. Parasetamoli ni laini zaidi kwa tumbo, lakini nayo isizidi gramu 4 kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Soma pakiti. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo husaidia, na haina gharama.

Tuje kwenye chakula. Damu inayotoka hutoka na madini ya chuma. Kwa kipimo kinachotumiwa Marekani, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, na mwanamume 8 tu. Haya, angalia sahani zetu za futari: kaimati, bhajia, viazi karai, tambi. Vitamu, lakini chuma kiko wapi? Kiko kwenye nyama, dagaa, mbaazi, ndengu, maharagwe, mchicha. Na tukishakula mbaazi zetu na mahamri, tunateremshia chai ya rangi, ambayo huzuia chuma cha mboga na nafaka kisiingie mwilini. Iache chai ikae saa moja au mbili. Mimi nilikatazwa ndimu wakati wa hedhi, eti hukata damu. Kumbe ndimu, machungwa na maembe yana vitamini C, inayosaidia mwili kukipokea chuma cha mbaazi na mchicha! Kamulia ndimu yako bila wasiwasi. Ukipewa vidonge vya chuma, usivimeze kwa chai wala maziwa, na usishtuke ukiona choo kimekuwa cheusi.

Liko na jambo la vidonge vya kuzuia hedhi, hasa kumi la mwisho likikaribia. Vinavyotumika sana ni vya norethisteroni, na kwa kawaida huanzwa siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa. Wako maulamaa walioruhusu kwa sharti la kutodhuru, lakini hilo la kudhuru atalijua daktari, si rafiki yako wa bweni. Aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, au mwenye ugonjwa wa ini, hazimfai. Wengine hutokwa na matone katikati, wakabaki hawajui wasali au wasisali. Mimi sivipendi, nasema wazi. Bibi Aisha (R.A.) ilimjia njiani akienda Hija, akalia, na Mtume (S.A.W.) akamliwaza kwamba hili ni jambo Allah aliloliandika kwa mabinti wa Adam. Dhikri, dua na istighfari ziko wazi kwako hata usiku wa Laylatul Qadr.

Ukiona unabadilisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au hedhi inapita siku saba, au unaona kizunguzungu ukisimama, nenda hospitali. Usingoje Idi.

Na nyinyi kaka zetu mnaosoma hapa: ukimkuta dadako jikoni mchana anakula, usimuulize mbona hafungi. Toka, na urudishe mlango. Kwetu siku hizi mamangu hunifunikia sahani mezani, na kaka zangu hupita tu.