Ile CD ya Hospitali: Namna ya Kuifungua Nyumbani na Kuitunza

Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Miembeni, Manispaa ya Bukoba



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani, risiti, vocha za simu na bidhaa zilizopitwa na muda. Leo tumekuja na jambo linaloonekana dogo: ile CD anayokabidhiwa mgonjwa baada ya kupigwa picha ya CT au ya MRI, na siku hizi pengine hata baada ya eksirei ya kawaida. Wengi wetu huiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za kiwanja, wala hatuigusi tena mpaka daktari mwingine aiulizie. Siku hiyo ndipo matatizo huanza.

Mama mmoja kutoka Muleba alitufikishia malalamiko yake. Alikuwa amepigwa picha ya CT ya tumbo, akapewa CD bila neno lolote la maelezo. Alipoelekezwa kwenda kutibiwa ng'ambo ya ziwa, mwanawe aliipeleka CD hiyo kwa fundi ili yaliyomo yahamishiwe kwenye flashi, kwa kuhofia kwamba ingevunjika safarini. Fundi aliifungua, akaona faili moja limeandikwa DICOMDIR, akadhani ndilo lenye picha, akalinakili hilo peke yake. CD ikabaki nyumbani. Mama akasafiri usiku kucha kwa meli. Asubuhi, mbele ya daktari, flashi ilifunguliwa, na haikuwa na picha hata moja. Matibabu hayakuweza kusubiri CD iletwe. Ikabidi apigwe picha upya, alipe upya kwa fedha ya kahawa iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya dawa, na mwili wake upokee mionzi kwa mara ya pili.

Katika kisa hiki hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni dakika chache za maelezo, na hizo ndizo tulizokuja nazo leo.

Kilichomo ndani ya CD

Picha za hospitali hazihifadhiwi kama picha za harusi. Zimo katika muundo unaoitwa DICOM. Zamani kila kiwanda cha mashine kilihifadhi picha kwa namna yake, na picha ya mashine moja haikusomeka kwenye nyingine. Mwaka 1985 chama cha wataalamu wa radiolojia na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme nchini Marekani walitoa kanuni moja ya pamoja, na mwaka 1993 kanuni hiyo ikatoka upya kwa jina la DICOM. Kwa sababu hiyo, picha iliyopigwa Bukoba inaweza kusomwa Mwanza, Dar es Salaam au India bila kupigwa tena.

Mkiifungua CD hiyo mtakuta, kwa kawaida, vitu vitatu. Cha kwanza ni folda moja au zaidi zenye mafaili mengi yenye majina ya namba na herufi zisizoeleweka. Hizo ndizo picha zenyewe. Cha pili ni faili la DICOMDIR. Hili ni fahirisi tu: linaeleza picha zipi zipo na zimekaa wapi. Anayelinakili peke yake amebeba fahirisi na kuacha kitabu. Cha tatu, ambacho baadhi ya CD hazina, ni programu ndogo ya kutazamia picha, ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Windows.

Kwa nini hazifunguki

Kompyuta ya nyumbani ina programu ya kuonesha picha za kawaida, lakini programu hiyo haiufahamu muundo wa DICOM. Ndiyo maana ukibofya faili unaambiwa kwamba haliwezi kufunguliwa. Ujumbe huo hauna maana kwamba CD ni mbovu, wala hauna maana kwamba hospitali imekudanganya. Msijaribu kubadilisha jina la faili na kulimalizia kwa herufi jpg. Mtabadilisha jina tu, na kilichomo kitabaki kilekile. Wala msikubali haraka maneno ya fundi kwamba picha zimeungua na zinahitaji kutengenezwa kwa malipo makubwa.

Namna ya kuzifungua

Kwanza, nakilini CD nzima kabla ya jambo lingine lolote. Tengenezeni folda mpya kwenye kompyuta, chagueni kila kitu kilichomo ndani ya CD, kisha nakilini vyote bila kubagua na bila kubadilisha majina. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina mahali pa kuingizia CD. Hapo mtahitaji kuazima kisomeo cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Pili, pimeni uzito wa nakala. Kipande kimoja cha picha ya CT kwa kawaida ni mraba wa nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti mbili. Hiyo ni takriban nusu megabaiti kwa kipande kimoja. Kipimo chenye vipande 300 kitakaribia megabaiti 150, ijapokuwa baadhi ya hospitali huvibana vikapungua. Basi mkiona nakala ya CT ina kilobaiti chache tu, jueni kwamba picha hazimo. Laiti yule mama na mwanawe wangelijua hilo, wasingeliiacha CD nyumbani. Eksirei ni tofauti kidogo, kwa kuwa huwa na picha chache, pengine moja au mbili.

Tatu, tafuteni programu ya kutazamia. Jaribuni kwanza ile iliyokuja na CD. Ikikataa, zipo za bure kwenye intaneti. Weasis hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. MicroDicom ni ya Windows na ni bure kwa matumizi binafsi. Horos ni ya kompyuta za Mac. Tunazitaja kama mifano, hatuzipigii debe. Ipakueni programu kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, na mtu akiwauzia programu ya bure, muulizeni anachouza ni nini hasa. Kama programu ya kukinga virusi ikitoa onyo, msilipuuze.

Nne, ifungueni programu kwanza, kisha kutoka ndani yake chagueni folda nzima mliyonakili. Msibofye faili moja moja. Picha zitajipanga zenyewe, nanyi mtapita kutoka kipande kimoja hadi kingine kwa kuzungusha gurudumu la kipanya. Kabla ya kushangilia, someni jina, tarehe na namba ya mgonjwa zinazoonekana kwenye skrini. Kama jina si lenu, irudisheni CD hospitali siku hiyohiyo.

Picha ya skrini haitoshi

Wengi huipiga picha skrini kwa simu na kumtumia ndugu au daktari kwa WhatsApp. Kwa kumjulisha ndugu, si neno. Kwa tiba, kuna kinachopotea. Mashine ya CT hupima jinsi kila nukta ya mwili inavyozuia mionzi, kwa vipimo vilivyopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa mchango wake katika uvumbuzi wa mashine hiyo. Katika vipimo hivyo hewa ni 1000 chini ya sifuri, maji ni sifuri, na mfupa mgumu huvuka mamia hadi zaidi ya elfu. Faili la DICOM huhifadhi maelfu ya viwango hivyo. Picha ya kawaida ya kijivu ina viwango 256 tu. Daktari mwenye faili halisi aweza kubadilisha mwangaza akaona mapafu, kisha mifupa, kisha ini, kutoka kwenye kipimo kilekile. Mwenye picha ya skrini huona kile tu mlichomchagulia.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Ndani ya mafaili hayo limo jina la mgonjwa, na kwa kawaida pia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na hospitali alikopimwa. Baadhi ya tovuti huwaomba mpakie picha zenu huko ili zifunguliwe bure. Mkifanya hivyo mmempa mtu msiyemjua siri ya mwili wenu pamoja na jina lenu. Vivyo hivyo kwenye steshenari: kama hamna kompyuta nyumbani, kaeni hapo mpaka kazi iishe, hakikisheni nakala imefutwa, na pipa la taka la kompyuta hiyo limemwagwa.

Haki zenu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Pia inampa mhusika haki ya kupata taarifa zinazomhusu. Anayetendewa kinyume cha hayo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo, mnapodai nakala ya picha zenu na ripoti yake, msijione kuwa mnaomba hisani.

Tunawashauri mfanye mambo manne kabla ya kutoka hospitali. Ombeni CD iandikwe jina na tarehe. Ombeni ifunguliwe mbele yenu ili muone kwamba picha zimo. Ombeni ripoti ya maandishi ya mtaalamu wa radiolojia. Na tunzeni risiti. Kuuliza si ujinga, na mhudumu mwema hatachukia.

Kufungua si kusoma

Tumalizie kwa tahadhari. Mkishaziona picha hizo nyumbani, mtaona weusi na weupe, vivuli na madoa. Msianze kuhesabu madoa. Kivuli kinachowatisha chaweza kuwa mshipa wa damu wa kawaida, na ugonjwa wenyewe waweza kujificha mahali msipopadhania. Programu nyingi za bure zenyewe huandika kwamba hazikukusudiwa kutolea uamuzi wa tiba. Tunawafundisha kuzifungua ili mjue kwamba zimo, kwamba ni zenu, na kwamba zitafika salama kwa anayejua kuzisoma.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu ya mionzi pia. CT moja ya tumbo humpa mgonjwa mionzi inayozidi ile ya picha moja ya eksirei ya kifua kwa zaidi ya mara mia moja. Daktari akisema kipimo kinahitajika, msikikatae kwa hofu, maana faida yake ni kubwa kuliko madhara. Lakini kurudia kipimo kwa sababu tu nakala haikubebwa ni hasara isiyo na faida upande wowote, kwa mwili na kwa mfuko.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. CD ile ni daftari la mwili wenu. Nakilini yote, pimeni uzito wa nakala, ifungueni mara moja mhakikishe, kisha hifadhini nakala mbili mahali pawili. Safari ya matibabu ikifika, bebeni CD yenyewe pamoja na flashi. Moja ikishindwa, nyingine itasema. Na kabla ya kupanda meli au basi, ifungueni flashi mara ya mwisho, mzione picha kwa macho yenu.

Aliye na CD nyumbani na ailete leo alasiri. Tutakaa hapa na kompyuta, tuifungue pamoja.